Neno Kabla ya Maji Kuzibwa

Kwa Mzee Kristian,
Juu ya Soni,
Lushoto.
Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Beatha,

Bwana Yesu asifiwe. Marahaba, mwanangu. Naitanguliza kabisa kwa sababu nakujua, ukiuona tu mwandiko wangu utaniamkia hata kama tumetengwa na mikoa mitatu. Hujambo lakini? Alen hajambo? Ile homa iliyomlaza mwezi uliopita imekwisha, au bado anajifanya mzima ili asimalize dawa? Mwanamume aliyeoa muuguzi hana sababu ya kuumwa wiki tatu, mwambie nimesema mimi. Na mjukuu wangu ameanza kusimama? Mlinitumia picha ameshika kiti, ila picha haionyeshi kama mtu amesimama au ameegemezwa.

Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Goti langu la kushoto linauma ninaposhuka bondeni, nikipanda haliumi, sijui ni goti la namna gani. Mzee Kristian anakohoa asubuhi tu. Baridi imekwisha, sasa ni jua, na vuli bado haijaonyesha dalili. Karoti zimekubali, kabichi zinasuasua. Baba yako Sefania alikuja Jumapili baada ya ibada, akala kande sahani mbili, akalalamika kwamba hazina chumvi, kisha akaomba ya tatu. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Ujumbe wako wa sauti niliupata Jumatano. Nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa peke yangu jikoni. Pole sana, mwanangu. Nimesikia habari ya yule mama mjamzito uliyemfokea pale kwenye zahanati yenu, siku mlipokuwa wawili tu kazini na foleni imefika nje, naye akainuka akaenda zake bila kupimwa. Umesema alijifungua salama nyumbani kwake, na mtoto ni mzima. Mungu ashukuriwe kwa hilo. Lakini umesema pia kwamba kila ukilala unamwona anavyojifunga kanga na kuondoka, na kwamba asubuhi unafika kazini umechoka kabla hujashika kazi.

Ukaniuliza, shangazi, wewe huwa unalalaje? Najua kwa nini umeniuliza mimi. Sifa yangu katika ukoo huu si uzuri wala utajiri, ni usingizi. Babu yako alikuwa akisema nyumba inaweza kuezuliwa paa nami nikaamka asubuhi nikauliza mbona kuna mwanga. Ukaniomba pia nikueleze upya utaratibu wetu wa kuziba ndiva, kwa sababu ulipoondoka kwenda kusoma Tanga ulikuwa darasa la tano na sasa unakumbuka nusu nusu, nawe ungependa kuwasimulia wenzako kazini.

Umeniuliza wakati mbaya. Ungeniuliza mwezi uliopita ningekujibu kwa simu, maneno machache, na kujisifu kidogo juu yake. Safari hii nimeona nikuandikie. Kwenye simu huwa naongea mpaka jirani anaitikia, na hili ninalotaka kukuambia halijasikiwa na mtu yeyote, hata Mzee Kristian. Barua nitaiweka kwenye basi pamoja na mfuko wa maharage.

Nianze na ndiva, ili uelewe yanayofuata. Lile bwawa letu la udongo pale juu ya mashamba ya bondeni bado lipo vile vile. Usiku linajaa kutoka kwenye mfereji, asubuhi saa kumi na mbili linafunguliwa, na mwenye zamu ya siku ile anamwagilia mpaka maji yaishe. Jioni saa kumi na moja linazibwa ili lijae tena kwa ajili ya mtu wa kesho. Kizibo ni kipande cha mgomba kilichovikwa gunia, kinasukumwa kwenye mdomo wa bwawa kwa upande wa nje, kinapakwa udongo wa mfinyanzi, kisha kinaegemezwa jiwe bapa lisiloweza kusogea kwa urahisi.

Sasa, kabla ya kuziba, wote waliogusa maji siku ile wanasimama pale. Mzibaji anauliza, kuna neno? Aliyekwaruzana na mwenzake anasema hapo hapo, mbele ya watu. Fulani amehamisha mpaka wa tuta langu, fulani amenitukania mtoto, mimi nimeiba maji ya dakika kumi. Linazungumzwa, linamalizwa. Asiye na jambo anasema sina neno. Kisha maji yanazibwa, na likishazibwa hakuna ruhusa ya kulikumbusha kesho. Anayelikumbusha anachimba tope la bwawa siku nzima peke yake. Wazee walioweka hivyo hawakuwa watakatifu. Walijua tu kwamba watu wanaotegemea tundu moja la maji hawawezi kupeana kisogo wiki nzima.

Huo ndio usingizi wangu ulikotoka. Miaka thelathini na tano nimeyaacha ya mchana pale pale kwenye tope, nikapanda nyumbani nikapika, nikalala. Na tangu mwaka juzi mimi ndiye mwenyekiti wa maji, wa kwanza mwanamke, kama baba yako anavyopenda kuwaambia watu ambao hawajamuuliza.

Mzibaji wetu alikuwa Zuberi. Sijui kama unamkumbuka, mtoto wa marehemu Hadija aliyekuwa rafiki yangu, yule niliyemuuguza miezi minne kabla hajafa. Sasa ni mtu mzima, ana mke, Zakia, na watoto wawili. Mzibaji halipwi chochote, lakini ana zamu yake ya kila Jumamosi isiyogombewa na mtu. Kwa zamu hiyo Zuberi alikuwa analima nyanya nzuri kuliko za bonde zima.

Jumatatu ya tarehe 7 Zuberi aliziba kama kawaida. Kesho yake asubuhi bwawa lilikutwa tupu, kizibo kimetoka, na maji yote yalikuwa yameteremka usiku kwenda mtoni. Zamu ya Jumanne ilikuwa ya Mwanamisi, jirani yangu, ambaye alikuwa amepanda miche ya kabichi jana yake. Mche uliohamishwa bila maji, katika jua hili, unajua mwenyewe. Kufikia jioni yote ilikuwa imelala chini.

Jioni ile nilisimama mimi, mwenyekiti, na nilisimama vizuri sana. Nikasema mbele ya watu wote kwamba Zuberi ameziba kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulishika simu. Watu wakacheka. Nikaona maneno yangu yamependwa, nikaongeza mengine. Nikasema maji si mchezo, na asiyeweza kazi aseme wenye kuweza waifanye. Yeye alisema neno moja tu, kwamba aliziba sawasawa. Tukamwondoa. Kazi akapewa Mzee Omari, na ile zamu ya Jumamosi ikaenda na kazi. Tukaziba, nikapanda zangu nyumbani, nikala bada na mboga, nikalala fofofo.

Jumatatu iliyofuata, yaani Jumatatu ya wiki hii, nilikwenda kuondoa nailoni niliyokuwa nimefunika kitalu changu cha vitunguu. Ile nailoni huwa naibana kwa mawe pembeni isipeperushwe. Nikainua jiwe la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikuwa bapa na zito, na upande wa chini lilikuwa limeganda udongo wa mfinyanzi na nyuzi za mgomba.

Nilikaa chini pale pale shambani. Nikakumbuka yote kwa mpigo. Ile Jumatatu jioni, watu walipokwisha kuondoka, nilirudi bondeni kuosha karoti kwenye mfereji. Upepo ulikuwa mkali na giza limeanza kuingia, nikawaza kitalu changu, nikaona jiwe zuri limeegemea pale, nikasema hili litanifaa. Sikuwaza kizibo hata kidogo. Nilidhani ni moja tu kati ya mawe yaliyotapakaa pale. Nikalitupia kwenye beseni juu ya karoti, nikapanda nalo nikilalamika kwamba ni zito. Bwawa wakati huo lilikuwa halijajaa, kwa hiyo kizibo kilishika. Lilipojaa usiku, hakukuwa na kitu cha kukizuia.

Zuberi aliziba kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyefungua.

Utauliza, shangazi, na jioni ile ya Jumatatu ulipokwenda bwawani ulisemaje? Nilisema sina neno. Jumanne nikasema sina neno. Jumatano, ndiyo siku niliyousikiliza ujumbe wako, nikasema sina neno. Jana nikasema tena, na sauti ilitoka vizuri tu. Tena nilikuwa na sababu zangu. Nilijiambia kwamba lilishazibwa lile, utaratibu unakataza kulikumbusha, na mwenyekiti hawezi kuvunja utaratibu. Nilijiambia yaliyopita si ndwele. Ni ajabu, mwanangu, jinsi mtu anavyokuwa mtii wa sheria siku sheria inapomficha. Usiku nahesabu mbao za dari, nimezijua zote, moja ina ufa. Mzee Kristian anadhani ni goti, amenikanda kwa mafuta ya mkaratusi mpaka nyumba nzima inanuka dawa.

Ningeweza kuendelea hivyo, sitakudanganya. Kilichonibana ni kwamba jana asubuhi Mwanamisi alinipitia na habari kuwa Zuberi amepata kazi ya kukata mkonge huko chini Mazinde, na anashuka Jumatatu. Nyanya zake zimekauka bila ile zamu ya Jumamosi, na Zakia amekwisha kuanza kufunga vyombo. Mwanamisi akasema, afadhali aende, huku ameshakuwa kichekesho, watoto wanamwita Mkono Mmoja. Jina hilo nililitoa mimi. Nilitaka kumwambia hapo hapo, nikajikuta namuuliza habari za kabichi.

Kwa hiyo leo ni leo. Jumamosi na Jumapili wengi huwa hawaji bwawani, na Jumatatu mwenyewe hayupo. Nikilisema akiwa Mazinde nitakuwa nimejisafisha mimi tu. Sasa ni saa tisa na nusu. Sitakuficha kwamba naogopa. Mimi ni mzee wa kanisa, ni mwenyekiti, nina miaka sitini na moja, na mdomo wangu umewakosoa watu wengi sana katika bonde hili. Watakaofurahi leo si wachache. Naiacha barua hapa, nakwenda kulichukua lile jiwe.

Jumamosi, 19 Oktoba, alfajiri

Naendelea, mwanangu. Chai ipo mezani, Mzee Kristian bado amelala.

Nililitia jiwe kwenye ndoo, nikajitwika, nikashuka nalo. Watu wakanisalimia wakidhani ni karoti. Nilipita kwanza nyumbani kwa Zuberi, maana tangu aondolewe haji bwawani. Zakia alikuwa anakunja nguo za watoto. Nikamwambia Zuberi, mwanangu, naomba uje kwenye ndiva, nina jambo. Akaitikia ndiyo mama, akavaa ndala, akanifuata nyuma bila kuuliza. Afadhali angeuliza.

Walikuwepo watu kama kumi na wanne. Mzee Omari akauliza kama anavyouliza siku zote, kuna neno? Nikasema, ninalo. Nikaishusha ndoo, nikalitoa jiwe, nikaliweka chini upande wa udongo ukiwa juu ili waone. Nikasema yote kama nilivyokuandikia wewe, na zile jioni nne nikazisema pia. Hakuna aliyecheka.

Wa kwanza kusema alikuwa Mwanamisi.

“Mama Heri, yaani ni wewe?”

Nikamwambia ni mimi.

“Haya. Mimi miche nimeshapanda mingine, na imeshika. Sina neno na wewe. Lakini huyu je?” Akamwonyesha Zuberi kwa kidevu.

Zuberi alikuwa amesimama pembeni, anaangalia maji. Akasema, “Mimi ninalo.”

Mzee Omari akamwambia aseme.

“Mama, mtu kusahau si kosa. Jiwe ni jiwe, yeyote angeliokota. Neno langu si jiwe. Siku ile hukuniuliza. Ulisimama ukanisema, watu wakacheka, ukaona wamecheka ukaongeza. Ungeniuliza tu, Zuberi, uliegemeza jiwe? Ningekwambia niliegemeza, tungelitafuta wote. Wewe ndiye uliyemuuguza mama yangu. Angekuwa mtu mwingine nisingejali.”

Hapo ndipo nilipolia, Beatha. Si kwa sababu ya watu. Nililia kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu kwa siku tano nilikuwa nimelala na jiwe tu, kumbe jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko jiwe nami sikuliona. Nikamwambia, ni kweli, sikukuuliza. Nilipenda kuchekesha watu. Naomba unisamehe.

Hakusema amenisamehe. Alisema, “Nimesikia, mama.”

Mimi nikataka kuendelea, nikaanza kusema kwamba nauachia na uenyekiti. Mwanamisi akanikatiza. “Dada, hebu. Linamalizwa leo lisikumbushwe, na wewe unataka kuliitishia kikao?” Watu wakacheka hapo, na Mzee Omari akasema basi, limesemwa, tuzibe. Akamnyooshea Zuberi kile kipande cha mgomba.

Zuberi akakipokea, akakigeuza geuza, kisha akanipa mimi. Akasema, “Aliyetoa jiwe alirudishe.”

Nikadhani ni utani. Haukuwa utani. Nikavua viatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikashuka kwenye tope na goti langu. Miaka thelathini na tano nimesimama pale kila jioni nikitazama watu wakiziba, nikiwakosoa, na sikuwahi kuziba hata mara moja. Kile kizibo kinateleza kama sabuni. Zuberi alisimama ukingoni akinielekeza kama mwalimu, sukuma, zungusha, si hivyo, udongo kwanza chini halafu juu, finya, finya tena mama. Kanga ile ya harusi ya Heri imeharibika kabisa. Nikaegemeza jiwe. Yeye akashuka, akalisogeza kidogo tu kwa mguu, akapanda. Mzee Omari akatangaza kwamba kesho ni Jumamosi, zamu ya mzibaji, akamtazama Zuberi. Zuberi akaondoka na njia yake.

Nilipokuwa napanda mlima niliona jambo lililonikera. Utaratibu wetu ule umenipendelea. Kosa langu limesemwa jioni moja na kuzibwa, na kesho hakuna wa kunikumbusha. Yeye alilibeba siku kumi na moja bila kulitenda. Sijui kama hilo linalipika. Usiku nilimweleza Mzee Kristian yote. Akasema, kwa hiyo goti halikuwa na kitu, mafuta yangu yamekwenda bure. Nikalala, si ule usingizi wa sifa, ila nililala.

Sasa nikujibu swali lako, kwa kadiri nilivyofundishwa jana. Yale niliyokuwa nikiwaambia watu siku zote, ya leo yaache leo, nilidhani maana yake ni kunyamaza na kujifunika blanketi. Si hivyo. Wewe umejaribu kunyamaza, umeona matokeo. Yule mama anajua ulimfokea, wewe unajua, na hamjasema. Kwa hiyo siku ile bado haijaisha, hata kama kalenda inasema ni mwezi uliopita.

Fanya hivi. Muulize mhudumu wa afya wa kijiji yule mama anakaa wapi. Nenda kwake mchana, bila sare, usiende kama muuguzi anayekagua. Mchukulie mtoto sabuni au chochote. Mwambie, siku ile nilikufokea, nimekuja kwa sababu hiyo. Usianze kumweleza foleni ilivyokuwa ndefu na mlivyokuwa wawili, hayo ni kweli lakini ni yako. Kisha nyamaza umsikilize, maana inawezekana neno lake si lile unalolidhani. Mimi nilikwenda na jiwe, nikakuta neno ni lingine. Akikusamehe, shukuru. Asipokusamehe, sema nimesikia, nenda nyumbani ukamwogeshe mwanao, ulale. Sehemu yako itakuwa imekwisha.

Na usimwulize Alen kama uende. Atakuambia upumzike kwanza, kwa sababu anakupenda, na utapumzika mpaka mwaka mpya.

Nisije nikasahau salamu. Baba yako anakusalimu na anauliza korosho alizoahidiwa. Heri anakusalimu kutoka Mombo, biashara yake ya vitunguu inakwenda polepole. Mwanamisi anasema umnunulie kanga huko kusini, amesikia ni za rangi nzuri, ila usimwambie kwamba nimekuambia. Mzee Kristian anawasalimu nyote. Nisalimie sana Alen, na mbusu mjukuu wangu kwenye yale mashavu. Maharage ya mfukoni ni ya msimu huu, hayahitaji kulowekwa. Nimetia na majani ya chai ya Mponde, usiyachemshe mpaka yawe meusi kama mnavyofanya huko.

Kumepambazuka. Sijatulia, nataka kwenda kuona kama kizibo changu kimeshika, maana kikitoka safari hii hakuna wa kusingiziwa. Nikirudi nitaifunga barua.

Saa mbili asubuhi

Kimeshika. Bwawa lilijaa mpaka ukingoni, Beatha, na kulikuwa na tone dogo tu linalovuja upande wa kulia.

Nilimkuta Zuberi ameinama pale pale, anapachika udongo kwenye lile tone. Nikasimama juu. Akaniamkia, nikaitikia. Akasema, “Mama, umeziba kama mtu wa Mombo asiyejua ndiva.” Nikamwambia mwalimu alikuwa mbaya. Akacheka kidogo, kicheko cha puani, alichokuwa nacho Hadija. La jana hakulitaja hata kwa jicho, nami sikulitaja.

Ilipofika saa kumi na mbili alitoa kizibo, maji yakashuka kwenye mfereji wa nyanya zake. Nusu ya zile nyanya zimekwisha kufa, zimebaki vijiti. Alizimwagilia zote, shina kwa shina, na zile zilizokufa pia. Nikasimama nimeshika kiuno nikimtazama, nikimwomba Mungu anipe adabu ya kutouliza habari za Mazinde, na Mungu akanipa, ingawa nilikaribia kuuma ulimi.

Alipofika mwisho wa tuta akanyoosha mgongo, akaniuliza bila kugeuka, “Jumatatu zamu ya nani?”

Nikamwambia safari hii imemwangukia Mwanamisi.

Akasema, “Mwambie asichelewe. Mimi nafungua saa kumi na mbili kamili.”

Mungu akulinde, mwanangu, akupe siku yenye nguvu yake na usiku wenye usingizi wake.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,

Dorkasi